Jina la Fundi ni Amana: Historia Fupi ya Kadi ya Kazi



Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe, na imenipasa nilitaje mwanzo, usije ukadhani kuwa nawafundisha watu jambo nililolijua tangu zamani.

Mwaka mmoja hivi umepita, baada ya sala ya Isha, alinijia mpwa wangu barazani. Kijana huyu ni fundi wa umeme. Alikuwa ameajiriwa kwa muda wa miaka sita, kisha kazi zikapungua, wenzake kadhaa wakatolewa, naye akawa miongoni mwao. Mamake, ambaye ni dada yangu, ni mjane, na nyuma yake wako watoto wawili wasomao. Akaniamkia, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjomba, nataka kujitegemea. Nimepata kazi mbili tatu za majirani, lakini watu wa mitaa ya mbali hawanijui. Nataka kuchapisha kadi za jina langu, mia mbili tu. Naomba unikopeshe."

Nilimkatalia, tena sikumkatalia kwa upole. Miezi michache kabla ya hapo, alikuja nyumbani kwetu mtu mmoja akatupa kadi nzuri ya kung'aa. Jina lake limetiwa rangi ya dhahabu, na chini yake pameandikwa "Injinia" na "Mkurugenzi". Tukampa kazi ya kutandaza nyaya za umeme katika vyumba viwili vya juu. Haikutimia wiki ya tatu, usiku, nyaya zikashika moto. Alhamdulillahi tulikuwa macho, na hapana kilichoungua illa godoro na pazia. Tulipopiga ile nambari ya kwenye kadi, haikupatikana. Tulipouliza, tukaambiwa kuwa mtu yule hakuwa injinia, wala hapakuwa na kampuni ya yeye kuiongoza. Alikuwa peke yake na mkoba wake. Basi tangu siku hiyo kadi ilikuwa machoni pangu ni vazi la mwongo. Nikamwambia mpwa wangu: "Fundi wa kweli hahitaji karatasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Akainamisha kichwa, akasema, "Inshallah, mjomba," akaenda zake.

Siku ya pili dada yangu akaja. Hakugombana nami. Aliniambia neno moja tu: "Kaka, ni kweli kizuri chajiuza. Lakini kizuri kilichofungiwa kabatini chajiuza kwa nani?"

Sikuwa na jawabu. Ndipo nilipoanza kutafuta: Je, watu waliotutangulia walifanyaje? Fundi asiye na tajiri juu yake, asiye na duka wala mlango wa barabarani, alijulishaje watu kuwa yupo? Na niliyoyapata ndiyo haya ninayokuandikia.

MGENI KATIKA SOKO

Tuanze na Madina. Muhajirina walipotoka Makka waliacha mali zao, na pamoja na mali waliacha kitu kingine ambacho mfanyabiashara hukithamini zaidi, nacho ni kujulikana. Mtu aliyekuwa akiaminiwa kwao kwa neno lake tu, Madina alikuwa mgeni. Sayyidna Abdul-Rahman bin Auf (R.A.) aliungwa udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdul-Rahman akamwombea baraka katika mali na watu wake, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe lilipo soko. Akaenda, akafanya biashara ya samli na maziwa yaliyokaushwa, na haukupita muda ila akawa anajitosheleza.

Hebu tazama. Hakuomba apewe cheo, wala hakungoja nyumbani mpaka watu wajue kuwa yeye ni mfanyabiashara hodari. Alikwenda mahali ambapo watu wangeweza kumwona. Kila anayetaka kuishi kwa kazi ya mkono wake hukutana na maswali mawili kutoka kwa watu. La kwanza, "Nitampata wapi?" La pili, "Nitamwaminije?" Swali la kwanza hujibiwa kwa kuonekana. La pili halijibiwi illa kwa kazi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeyachanganya maswali haya mawili, na wala si mimi peke yangu.

PETE ILIYOANDIKWA

Wako wanaosema kuwa kadi ni desturi ya wageni, na kwamba haituhusu. Kwa hao yatosha kisa cha pete. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje ya Arabuni, aliambiwa kuwa wafalme hao hawaisomi barua isiyopigwa muhuri. Hakusema kuwa hiyo ni ada yao, waache nayo. Akafanyiwa pete ya fedha, ikaandikwa juu yake jina lake na utume wake kwa mistari mitatu, na kwayo akazipiga muhuri barua zake. Kisha akawakataza watu wengine wasiichore pete yoyote kwa maandishi kama hayo.

Humo mna mafunzo mawili. La kwanza, desturi iliyo na manufaa, isiyogusa imani, huchukuliwa popote itokapo. La pili, jina likishawekwa kuwa alama ya mtu, haifai mwingine kuliiga, kwani watu wataharibikiwa na hukumu zao. Hawatajua nini kimetoka kwa nani.

Pete ile ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.), mpaka siku ilipomponyoka Uthman ikaanguka katika kisima cha Aris. Waliitafuta siku tatu, wakayateka maji ya kisima, wasiione. Watu hawahangaiki siku tatu kwa ajili ya kipande cha fedha tu.

JINA LILILOBEBA KAZI

Kabla ya kadi, jina lenyewe lilikuwa kadi. Fungua vitabu vya wanazuoni wetu uone majina yao. Al-Khassaf ni mshona viatu. Al-Jassas ni mtu wa chokaa. Al-Bazzaz ni muuza nguo. Ni kweli kwamba mara nyingine jina hilo lilitokana na kazi ya baba au babu, lakini wengi waliifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Abubakar Al-Khassaf, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra, alikuwa faqihi mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, na kitabu chake juu ya hukumu za wakfu kimetegemewa kwa karne nyingi. Yasimuliwa kuwa pamoja na elimu hiyo alikula kwa jasho la ufundi wake.

Nasi tulio watu wa madhehebu ya Shafi tunaye Al-Qaffal Al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, sawa na 1026. Qaffal maana yake ni fundi wa makufuli. Ufundi wake ulikuwa mkubwa hata yasemekana alitengeneza kufuli dogo ambalo pamoja na ufunguo wake lilikuwa na uzito wa habba nne tu, yaani kama punje nne za nafaka. Alipofika umri wa miaka thelathini hivi ndipo alipoingia katika kusoma fiqhi, akawa imamu wa Mashafi wa Khurasan. Hakulibadilisha jina lake alipopanda daraja. Aliendelea kuitwa fundi makufuli mpaka kufa kwake, na mpaka leo tunamwita hivyo, na hapana aonaye kuwa jina hilo limempunguzia heshima.

Leo vijana wetu wana haya kuandika "fundi". Fundi wa bomba hujiita mtaalamu wa maji, mpaka rangi hujiita mshauri wa majengo, na mtu mmoja asiye hata na msaidizi hujiita mkurugenzi mkuu. Anamwongoza nani?

FUNDI ALIYETIA SAHIHI

Katika miji ya Kiislamu mafundi walifanya zaidi ya kubeba kazi katika jina; waliliandika jina juu ya kazi. Katika makumbusho ya Hermitage, mjini St. Petersburg, imo ndoo ya shaba iliyotengenezwa Herat, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, mwezi wa Muharram mwaka 559 wa Hijra, yaani Desemba 1163. Juu yake yamechorwa majina manne. Liko la aliyeagiza, la aliyekusudiwa kupewa, la Muhammad bin Abdul-Wahid aliyeisubu, na la Masud bin Ahmad aliyeitia nakshi ya fedha na shaba. Kila mmoja na sehemu yake. Aliyesubu hakujipa nakshi, na aliyenakishi hakujipa kusubu.

Katika makumbusho ya Uingereza iliyoko London limo birika lililotengenezwa Mosul mwezi wa Rajab mwaka 629 wa Hijra, sawa na 1232, nalo lina jina la fundi wake, Shujaa bin Manaa. Na huko Paris, katika makumbusho ya Louvre, limo beseni la zama za Mamluki ambalo fundi wake, Muhammad bin Al-Zayn, ametia sahihi yake mara sita. Wala wanawake hawakuwa nje ya jambo hili. Ibn Al-Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad, katika orodha yake mashuhuri ya karne ya 10, anapowataja mafundi wa ala za kupimia nyota anamtaja Al-Ijliya, binti wa fundi Al-Ijli, aliyekuwa katika baraza la Sayf Al-Dawla, mtawala wa Halab.

Na tusidhani kuwa kutia jina ni kujisifu tu. Atiaye jina juu ya kazi yake huifungulia milango miwili: wa sifa na wa lawama. Birika likivuja, mwenye kuvujiwa anajua amwendee nani. Yule aliyetutia moto nyumbani hakuacha jina juu ya kazi yake. Aliliacha juu ya karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa ya uongo.

Zaidi ya hayo, soko halikuachwa bila ya mlinzi. Alikuwako muhtasib, msimamizi wa masoko, na kazi yake ilielezwa katika vitabu kama kile cha Al-Shayzari wa karne ya 12 na kile cha Ibn Al-Ukhuwwa wa Misri, aliyefariki mwaka 1329. Vitabu hivyo vimepangwa kazi kwa kazi: waoka mikate, wauza dawa, washona nguo, matabibu, wahunzi. Muhtasib hakuweza kuzijua kazi zote, kwa hivyo aliweka katika kila ufundi arifu wao, mtu mjuzi wa kazi hiyo na mwaminifu, wa kumjulisha hila za wenzake. Kwa hivyo jina la fundi lilikuwa na wa kulishuhudia.

Hapa kwetu pwani, milango ya nakshi ya Lamu na Unguja mingi ina maandishi, na mingine ina tarehe, lakini kulikuta jina la fundi si jambo la kawaida. Sababu si ngumu kuifahamu. Katika mji mdogo mkono wa fundi hujulikana. Mtu apitaye hutazama mlango akasema huu ni wa fulani, na huyo fulani husali naye msikiti mmoja. Haja ya karatasi huja pale mji unapokua kuliko nyuso ambazo mtu aweza kuzikumbuka.

LONDON, MWAKA 1720

Mji uliokua hivyo mapema ni London. Tangu karne ya 17, na zaidi katika karne ya 18, wenye maduka na mafundi wa mji huo walikuwa wakichapisha karatasi zenye jina, kazi na mahali. Zilichorwa juu ya bamba la shaba, na nyingi zilikuwa kubwa kuliko kadi za leo. Nyumba hazikuwa na nambari wakati huo. Kila duka lilining'iniza kibao chenye picha, simba au taji au malaika wa dhahabu, na kadi ilimwelekeza mtu kwa alama hiyo. Tangu miaka ya 1760 vibao viliondolewa barabarani na nyumba zikatiwa nambari, na kadi nazo zikabadilika. Mara nyingi nyuma ya kadi hiyo hiyo mwenye duka aliandika hesabu ya bidhaa na kutia sahihi kuwa amelipwa. Basi karatasi moja ilikuwa tangazo upande huu na ushahidi upande huu.

Katika watu waliotumia kadi hizo alikuwako kijana mmoja ambaye kisa chake kilinifanya nikumbuke mpwa wangu. Jina lake ni William Hogarth, aliyezaliwa London mwaka 1697. Babake alikuwa mwalimu. Alifungua duka la kahawa, likaanguka, akatiwa gerezani kwa madeni kwa miaka kadhaa, na familia ikaonja dhiki. William akapelekwa kujifunza kazi kwa mchoraji wa vyombo vya fedha aitwaye Ellis Gamble. Hakuumaliza muda wake wa uanagenzi. Mwaka 1720, naye ana umri wa miaka ishirini na miwili, hana tajiri wala mtaji mkubwa, alichora na kuchapisha kadi yake mwenyewe. Ilizungukwa na mapambo, lakini maneno yake yalikuwa machache: jina lake, neno moja la kazi yake, yaani mchoraji wa nakshi, na tarehe, 23 Aprili 1720.

Zingatia kuwa kadi ile ilikuwa ni tangazo na ni sampuli kwa pamoja. Mchoraji alijitangaza kwa mchoro. Aliyeipokea hakuhitaji kuambiwa kuwa mwenye kadi ni hodari. Aliushika uhodari wenyewe mkononi.

Hogarth akaja kuwa mchoraji mashuhuri kabisa wa Uingereza katika zama zake. Lakini umaarufu ulimletea wezi. Picha zake za mfululizo za mwaka 1732 ziliigwa na kuuzwa na watu wengine, wao wakala, yeye akatazama. Akaungana na wachoraji wenzake kuliomba Bunge, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria iliyompa mchoraji haki ya kazi yake kwa miaka kumi na minne. Sheria hiyo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Basi kijana aliyeanza na karatasi moja yenye jina lake akamalizia kwa kulilinda jina la kila fundi wa kazi yake.

Kadi za zama hizo hazikutupwa zote. Bibi mmoja, Sarah Sophia Banks, aliyefariki mwaka 1818, alizikusanya kwa wingi, na baada yake Ambrose Heal, aliyefariki mwaka 1959. Mikusanyo yao imo katika makumbusho ya Uingereza. Wahariri wa historia husoma humo habari za mafundi wadogo ambao hapana kitabu kilichowataja. Karatasi ambayo wenyewe waliitoa kwa ajili ya riziki ya siku imewabakishia jina kwa miaka mia tatu.

Ilikuwako na kadi ya namna nyingine, ya wakubwa, iliyoachwa mlangoni wakati wa ziara. Hiyo haikuandikwa kazi, kwani waliona aibu kuchanganya kazi na utukufu. Kadi ndogo tunayoijua leo ni mtoto wa hizo mbili: udogo wake umetoka kwa wakubwa, na maneno yake yametoka kwa mafundi.

KARATASI ILIYOANDIKWA NA MWINGINE

Katika Afrika ya Mashariki watu wetu waliijua karatasi yenye jina kwa njia chungu. Katika Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka kumi na sita na zaidi alilazimishwa kubeba kipande. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, watu wakakivaa shingoni. Iliandikwa jina, alama za vidole, kwao, jina la tajiri, mshahara, na siku ya kuanza na kuacha kazi. Tajiri asipotia sahihi, mtu hawezi kupata kazi pengine, na akiondoka bila ya ruhusa alitafutwa kwa karatasi hiyo hiyo. Malalamiko juu ya kipande yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922 damu ilimwagika mjini Nairobi. Kipande hakikuondolewa mpaka mwaka 1947.

Tanganyika nako lilikuwako kipande la kazi katika mashamba ya mkonge. Ilikuwa ni kadi ya siku thelathini za kazi, na siku hazikuhesabiwa illa zilipotiwa alama na msimamizi.

Nilipoyasoma haya niliweka kitabu chini. Kipande kilikuwa na jina la mtu, lakini hakikuwa chake. Kilieleza yeye ni nani kwa kalamu ya mwingine, na kilimfunga badala ya kumtangaza. Babu zetu walivaa shingoni karatasi wasizoziandika. Leo mjukuu wao anakuja kuomba aandike karatasi yake mwenyewe, kwa jina alilopewa na wazazi wake na kazi aliyoisomea, naye mjombake anamwambia asiandike!

MALI YA ABDULLA

Na mfano mwingine umo ndani ya kabati za mama zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza kuzitambulisha kanga zake kwa alama: K.H.E., Mali ya Abdulla. Ni nani katika pwani hii asiyeyajua maneno hayo? Mwanamke alipofungua doti mpya alitazama pindoni, na akiyaona alikuwa ameridhika. Hiyo ndiyo kadi, illa imechapishwa juu ya nguo badala ya karatasi, na ilikuwa na nguvu kwa sababu kanga ile ilifuliwa mara nyingi na haikumuaibisha mwenye jina.

KUJITAMBULISHA NA KUJISIFU

Sasa tulirudie lile neno langu la barazani. Je, kujitangaza ni kujisifu? Qur'ani imetukataza kujitakasa nafsi zetu, na hilo liko wazi katika Suratun Najm. Lakini Qur'ani hiyo hiyo imetusimulia kuwa Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akamweleza kuwa yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Hayo hayagongani. Yusuf hakusema yeye ni bora kuliko watu. Alitaja mambo mawili ambayo kazi ile iliyahitaji, uaminifu na ujuzi, na yote mawili alikuwa nayo kwa kweli, na njaa ilikuwa inaikaribia nchi. Angenyamaza kwa unyenyekevu, watu wangeangamia.

Basi kusema kweli juu ya kazi uiwezayo, kwa mtu aihitajiye, huko ni kujitambulisha. Kusema usichonacho huko ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) amemfananisha ajipambaye kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akaona unyevu uliofichwa chini, alimuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Kadi yenye "Injinia" ya uongo ni nafaka kavu juu na mbichi chini.

Imamu Abu Hanifa (R.A.), ambaye alikuwa mwuza nguo, alimwagiza mshirika wake auze nguo iliyokuwa na kasoro na aibainishe kasoro hiyo. Mshirika akaiuza akasahau kuitaja, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani yake. Alikuwa na haja gani ya kufanya hivyo, na hapana aliyemdai? Lakini aliliona jina lake kuwa limetumika kumhadaa mtu.

MIZANI YA KADI

Kwa haya yote, kwa maoni yangu, anayetaka kuishi kwa ufundi wake bila ya tajiri, awe fundi wa umeme, mshona nguo, mwalimu wa nyumbani, mpiga picha au mwandishi wa hesabu, aipime kadi yake kwa mizani hii.

Kwanza, aandike jina lake la kweli, lile ambalo jirani zake wanamwita. Pili, aandike kazi anayoiweza leo, si ile anayotarajia kuiweza. Na ikiwa ana cheti, kiwe ni cheti ambacho mtu akiomba kukiona ataonyeshwa. Tatu, aweke njia ya kumpata, na siku ya lawama nambari hiyo ipatikane kama ilivyopatikana siku ya malipo. Leo kadi nyingine zina mraba wa madoadoa ambao simu huusoma, na wengine hawana karatasi kabisa, hutuma jina lao kwa simu. Chombo kimebadilika, amana ni ile ile. Nne, asiige jina wala alama ya mwingine.

Nasi tunaopokea kadi tuna wajibu wetu. Mimi niliona rangi ya dhahabu nikaacha kuuliza. Sikumuuliza yule mtu ni nyumba gani amepata kuifanyia kazi, wala sikumwendea mwenye nyumba hiyo. Kadi ilinijibu swali la kwanza, nami kwa uvivu wangu nikaichukulia kuwa imenijibu na la pili. Kisha hasira ya uvivu wangu nikamtolea mtoto wa dada yangu, ambaye hakunikosea kitu.

Nilimwita tena barazani. Nikamwambia, "Baba, mjomba wako amekosa. Zile kadi mia mbili, zichapishe." Nikampa fedha. Akanitaka radhi yeye, hali mimi ndiye niliyepaswa kumtaka radhi. Na hivyo ndivyo walivyolelewa.

Alipoleta kadi ya kwanza niliitazama. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Jina lake na la babake, Mungu amrehemu. Chini yake: Fundi wa umeme. Kisha mtaa na nambari ya simu. Nikaigeuza nyuma, nikaona ameacha mistari mitupu. Nikamuuliza hii ya nini. Akasema, "Mjomba, nikimaliza kazi naandika hapo nilichofanya, na tarehe, na sahihi yangu, nambandikia mwenye nyumba karibu na mita. Waya ukiharibika ajue nani wa kumwita."

Sikuwa nimemsimulia habari ya kadi za London, wala ndoo ya Herat.

Kazi ya kwanza aliyoifanya kwa kadi hiyo ilikuwa kwetu, vile vyumba viwili vya juu. Alizing'oa nyaya zote za yule bwana akazitandaza upya, na nilipomuuliza malipo alitaja bei aliyomtajia jirani, nami nikamlipa kamili, kwani ujamaa usiwe sababu ya kumdhulumu fundi ujira wake. Kadi yake imebandikwa karibu na mita mpaka sasa.

Mwenyezi Mungu awabariki wale wanaokula kwa kazi ya mikono yao, na azihifadhi nyumba zetu na kila aina ya udanganyifu. Wallahu aalam.